Mjamzito, Cherehani na Kifungu cha 33

Mpwa wangu hushona nguo katika ghorofa moja karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mwezi uliopita alinitembelea akiwa na mimba ya miezi mitano. Baada ya shikamoo akauliza: "Mjomba, eti ni kweli usumaku wa mota ya cherehani unamdhuru mtoto tumboni?" Alikwisha kumwuliza msimamizi wake, naye akacheka, akasema asiyetaka mota akashone kwa mkono.

Mimi si mwanafizikia. Uzamivu wangu ni wa sayansi ya siasa. Lakini niliona aibu kumjibu kwa kicheko cha pili, nikasoma. Kila mota inayopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku, na nguvu yake hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea mbali. Kwa umeme wa hezi 50 tunaoutumia nchini, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 unaweka ukomo wa maikrotesla 200 kwa umma na 1,000 kwa wafanyakazi. Haijathibitika kwamba uga huo huharibu mimba. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2013, unawataja wajawazito miongoni mwa wafanyakazi wanaostahili kuangaliwa kipekee.

Basi nikamwambia asiingiwe na hofu, ila aisogeze mota mbali na tumbo kadiri awezavyo. Akanitazama kwa upole. "Mjomba, mota imefungwa kwa bolti chini ya meza, na meza si yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali lake halikuwa la fizikia. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto wake, na kinampa mama siku 84 za likizo yenye malipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Lakini mpwa wangu hulipwa kwa idadi ya nguo, hana mkataba wa maandishi, na tangu aanze kazi hajamwona mkaguzi akipanda ngazi zile. Nani atapima maikrotesla mahali ambapo hata nyaya zilizochunika hazijatazamwa?

Nilikwenda kuzungumza na msimamizi. Sikumtisha kwa sheria. Nilimwomba kama mzazi mwenzangu. Alikubali, akamhamishia mpwa wangu kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa malipo yale yale. Nilishuka ngazi nikijipongeza.

Jioni mpwa wangu akanipigia simu kunishukuru. Kisha akaniambia kwamba kwenye cherehani yake amekalishwa binti mgeni kutoka mkoani, na hakuna aliyemwuliza hali yake. Huyo hana mjomba mwenye shahada. Na sheria, ndugu msomaji, ilitungwa kwa ajili ya asiye na mjomba.