Chombo cha Maji Mawili

Kwa muda wa miaka 32 nilikuwa mwalimu wa shule, na katika muda huo nilipenda kudhani kuwa mtu aliyezoea vitabu huweza kuchagua kitu chochote, mradi akitazame kwa makini. Dhana hiyo iliniacha mwaka 2014, nilipomnunulia ndugu yangu mdogo mashua kuukuu. Naandika habari za mashua ile, na za chombo kilichoifuata, kwa sababu wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa vitabu kama mimi, na yamkini wamo miongoni mwao wenye jamaa wanaoishi kwa maji.

Kijiji chetu kipo pwani, baina ya Tanga na Pangani. Mbele yake pana bahari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile iliyo ndani ya mwamba. Maji yake ni machache, chini pana mchanga na majani ya bahari, na siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mahali palipokuwa na mawimbi hugeuka uwanja, wanawake wakapita na vikapu wakiokota chaza. Samaki wake ni tasi, changu na pono. Bahari ya pili huanza mwamba unapokwisha. Hapo chini huporomoka. Sehemu kubwa ya mkondo wa Unguja haifiki kina cha mita 100, lakini mkondo wa Pemba, ambao ndio ulio mbele yetu, hupita mita 700. Hayo ni maji ya nguru, jodari na papa. Katika kilindi cha pwani hii ya Tanga ndimo wavuvi wa jarife, mwanzoni mwa karne hii, walimonasa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zamani za kale, mpaka mmoja alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Namtaja samaki huyo ili msomaji atambue jinsi kilindi kilivyo karibu na milango ya nyumba zetu.

Baba yetu aliishi kwa bahari ya kwanza. Alikuwa na ngalawa ya mwembe, gogo moja lililochongwa, yenye ndubi mbili kandoni zilizofungwa kwa mirengu. Ngalawa ile ilielea katika maji ya goti. Baba alipofariki ndugu yangu aliirithi, na pamoja nayo alirithi bahari iliyochoka. Miaka mingi ya baruti ilikuwa imevunja matumbawe, na ilitokea siku dema tatu zikatoa kitoweo kisichotosha nyumba moja. Samaki wa fedha walikuwa nje ya mwamba, na ngalawa ile haikuwa ya huko. Aliniambia, "Kaka, nataka chombo kimoja cha maji mawili. Kaskazi kinitoe nje, kusi kinifiche ndani. Vyombo viwili hatuviwezi."

Kweli hatukuviweza. Hata kimoja kilikuwa kizito. Nilitoa akiba yangu ya miaka saba, nikaenda kutazama mashua iliyokuwa ikiuzwa katika bandari moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kibichi na mstari mweupe, na jina lake limeandikwa kwa hati nzuri omoni. Mwenyewe alitukaribisha kwa chai na mkate wa kumimina, akaeleza safari zake, akaapa. Niliizunguka mashua mara mbili mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikizunguka darasani wakati wa mtihani. Sikuingia chini yake. Sikuchomeka hata kijiti katika mbao zake. Nilinunua rangi, na mashua nikapewa kama nyongeza.

Kiumbe alaye mbao za vyombo twamwita mdudu, lakini kwa kweli yeye ni wa ukoo mmoja na chaza. Huingia akiwa mdogo, kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hukua ndani ya ubao akichimba njia ndefu, na uso wa ubao hubaki mzima. Aliyeiuza mashua ile aliyajua matundu hayo. Aliyaziba kwa saruji, akapaka rangi juu. Saruji hukaa vizuri chombo kinapolala pwani. Mwezi wa Januari, katika mkondo wa Pemba, mbao zilipoanza kujinyonga kwa mawimbi ya kaskazi, saruji ilitoka vipande vipande, na bahari ikaingia kupitia ubao wa kwanza ulio juu ya mkuku. Ndugu yangu na wenziwe wawili walifua maji tangu alfajiri hadi alasiri. Waliyatupa mawe ya farumi, wakatupa samaki, wakatupa nanga. Jahazi lililokuwa likielekea Tanga liliwaokota jua likikaribia kutua. Mashua wakaiacha huko huko.

Alirudi nyumbani na ngozi ya viganja imetoka. Hakunilaumu. Ningependa angalinilaumu. Alikaa mwaka mzima akivua kwa ngalawa ya baba, na kila nilipotaja habari ya chombo kingine alisema, "Tutaona, kaka," kwa sauti ya mtu anayemjibu mtoto.

Mwaka 2016 tuliuza kipande cha shamba la minazi alichotuachia mama. Dada yetu, ambaye fungu lake lilikuwamo, alikubali kwa sharti moja: nisiende kununua peke yangu. Ndipo nilipokwenda kwa ami yetu, mdogo wa baba, aliyekuwa fundi wa kuunda vyombo maisha yake yote na sasa haoni vema jicho moja. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa twatafuta chombo kinachofaa ndani na nje. Aliendelea kusokota kamba. Kisha akaniuliza, "Kitalala wapi?"

Nikamjibu kuwa kitakwenda mpaka mkondoni kwa nguru.

"Mwanangu, sikukuuliza kitakwenda wapi. Nimekuuliza kitalala wapi."

Swali hilo ndilo lililotuongoza katika vyombo vitatu tulivyovitazama, nami naona halina budi kutangulia maswali yote ya urefu, upana na bei. Chombo cha nje huenda nje mara moja kwa siku, kikajaliwa. Lakini nyumbani hurudi kila siku, na nyumbani petu ni maji machache.

Cha kwanza kilikuwa mashua, na ilikuwa njema kupita zote nilizopata kuziona. Ami alilala chini yake mchangani akagonga kila ubao kwa kisigino cha tezo, akisikiliza. Ubao mzima hulia, ubao ulioliwa hunong'ona. Alitia ncha ya kisu penye maungio ya mkuku, akatazama vichwa vya misumari kama vimetoa machozi ya kutu, akainama akanusa ngamani. Alipotoka alisema kuwa aliyeiunda alikuwa fundi wa kweli. Kisha akasema tusiinunue. Mkuku wake ulikuwa mrefu, na ikipakia ilitaka maji ya kifua. Kwetu ingaliweza kufika pwani wakati wa maji kujaa tu. Ikichelewa saa moja ingalipwelewa mbali, na isipowekewa gadi ingalilala ubavu juu ya mawe. Au ingalibaki imetia nanga karibu na mwamba, ikipigwa na kusi usiku kucha, na samaki wakingoja barafu ambayo hatukuwa nayo. Ndugu yangu aliipapasa ile mashua kwa muda mrefu kabla ya kuondoka.

Cha pili kilikuwa boti ya faiba yenye mashine. Nakiri kuwa mimi niliipenda. Mdudu haili faiba, maji ya paja yaliitosha, na mashine yake ingalimrudisha ndugu yangu kabla dhoruba haijamwahi. Ami hakuwa na ujuzi wa faiba, wala hakujisingizia kuwa nao. Alishika mguu wa mashine akautikisa, akatuonyesha ubao wa nyuma unaobeba mashine ukicheza, na ufa mwembamba pembeni mwake. Ndani ya faiba ile mlikuwa na mbao, na mbao zilikuwa zimeoza pasipo mtu kuziona. Hilo lingaliweza kutengenezwa. Lisiloweza kutengenezwa ni hesabu ambayo ndugu yangu aliifanya mwenyewe kwa kijiti mchangani: petroli ya kwenda mkondoni na kurudi, mara siku za mwezi, ikitolewa kabla samaki wa kwanza hajapatikana. Mtu anayedaiwa petroli, alisema, hutoka hata siku asiyopaswa kutoka. Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kumsikia akisema neno juu ya kutoka na kutotoka.

Cha tatu tulikiona karibu na mdomo wa mto Pangani: dau la futi 22, lililochongoka mbele na nyuma, mbao za mvule, mkuku wa kadiri. Rangi halikuwa nayo kabisa. Mataruma mawili yalikuwa yamevunjika, na tanga lake lilikuwa viraka vitupu. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti. Hakutuletea chai. Alimpa ami kisu chake, akasema, "Tafuteni," akaenda kukaa kivulini.

Tulitafuta mpaka adhuhuri. Mdudu alikuwapo katika ubao mmoja wa chini, upande wa kushoto, nasi tulimkuta pale pale mzee aliposema tutamkuta. Kila mwezi, maji yakipwa, alikuwa akilipiga dau moto wa makuti chini ili kumwua mdudu kabla hajaingia ndani, kisha akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Magoti yalipomshinda, mwezi mmoja ulimpita, na ubao ule ukaliwa. Siku ya pili tulilishusha majini. Ndugu yangu alishika usukani, ami akakaa kati, nami nikapewa upo wa kufulia maji, kazi iliyonistahili. Lilikwenda vizuri kwa umande, na matlai ilipoingia lilibisha bila ukaidi. Lilivuja. Nilihesabu nyupo 11 katika nusu ya siku, nikaingiwa na hofu, lakini ami alisema kuwa kuukuu cha mbao kisichovuja hata tone ni chombo kilichopakwa jana. La muhimu ni kujua maji yaingilia wapi na kama yanaongezeka. Yaliingilia penye ubao ule ule, wala hayakuongezeka.

Tuliporudi pwani maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Dau likaja mpaka maji ya paja, likakaa juu ya mchanga bila gadi, limeinama kidogo kama mtu aliyeegemea ukuta. Ami akaturuhusu kusema bei.

Kabla ya kulipa alimwita ndugu yangu kando, lakini nilisikia. Alimwambia kuwa dau lile litamfikisha mkondoni wakati wa kaskazi na katika siku tulivu za baina ya pepo, na litamhudumia ndani ya mwamba mwaka wote. Mwezi wa Juni hadi Agosti, kusi likivuma sawasawa, halina ubavu wala uzito wa kukaa nje. "Kila chombo kina siku zake za kubaki pwani," alisema. "Ukikinunua, umezinunua na hizo. Mashua ile ingekupa siku chache zaidi huko nje, ikakunyang'anya nyingi zaidi hapa ndani. Basi niambie kama unazitaka siku hizi."

Ndugu yangu hakuahidi. Alisema, "Nimesikia, Ami," ambayo si ahadi. Tukalipa. Tukabadilisha ubao ulioliwa na mataruma mawili, tukalikalafati upya kwa pamba iliyochovywa katika mafuta, na karatasi za usajili zikaandikwa jina lake. Kwa matanga na maboya ya kujiokolea tulikopa. Msomaji akiniuliza kama tulipata chombo cha maji mawili, jibu langu ni kwamba tulipata chombo cha ndani kinachoruhusiwa nje, na kwamba siamini kuwa kuna aina nyingine kwa watu wa mifuko kama yetu.

Kaskazi la kwanza lilimlipa deni. Kisha ukaja Julai. Nguru walikuwa adimu sokoni na bei yao imepanda, na watoto wake wawili walikuwa wakidaiwa fedha za shule. Usiku mmoja, kabla ya adhana ya alfajiri, nilisikia mlango wake ukifunguka, nikatoka na kurunzi. Nilimkuta pwani ameegemea dau. Sanduku la mishipi mikubwa lilikuwa tayari ndani. Kusi lilikuwa likivuma tangu jana yake, na mbali mwamba ulionekana kwa weupe wa povu hata katika giza lile. Tulisimama. Nilikuwa na maneno mengi, nami ni mwalimu, lakini niliukumbuka mstari mweupe juu ya rangi ya kijani, nikanyamaza.

Alitazama nje muda ambao mtu angeweza kusali rakaa mbili. Kisha akaingia ndani ya dau, akalitoa lile sanduku, akanipa.

"Nishikie, kaka," alisema. "Na uniletee zile dema."

Nikamletea. Alilisukuma dau katika maji ya paja, akapanda, akaelekea kusini ndani ya mwamba.