Mipaka ya Upepo: Kuisoma Kusadikika Kitale na Bungoma

Msomaji wa Kusadikika (1951) hapewi mlima wala mto wa kumwongoza. Shaaban Robert ameiweka nchi yake angani, akaizungushia pepo nne kuwa mipaka. Wakuu wake nao hawatajwi kwa koo wala nasaba, bali kwa sifa zao: waziri ni Majivuno, mshtakiwa ni Karama, na wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Aghalabu wahakiki wameufasiri utupu huu kuwa ni hila ya mwandishi aliyeishi chini ya serikali ya kikoloni: aliificha Tanganyika mawinguni ili apate kuisema. Sina ugomvi na fasiri hiyo. Hata hivyo naona haitoshi, na lililonionyesha upungufu wake ni kosa langu mwenyewe darasani.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu katika shule moja viungani mwa Kitale. Niliwaagiza wanafunzi wachore ramani ya Kusadikika. Jibu nililolitarajia lilikuwa mraba mtupu wenye majina ya pepo pembezoni. Kijana mmoja kutoka Bungoma aliniletea Mlima Elgon upande wa magharibi, milima ya Cherangani mashariki, na Mto Nzoia ukiteremka kupitia Webuye hadi Mumias. Na hapo Mumias akachora jumba la mfalme na baraza la Majivuno. Nilikata kazi yake kwa wino mwekundu, nikaandika kwamba hakusoma kitabu. Akasimama, akasema kwa adabu, "Nimekisoma, mwalimu. Ila upepo sikujua namna ya kuuchora." Darasa likacheka, nami nikamwamuru aketi.

Likizo ilipofika nilimsimulia babu kisa hicho nyumbani Bungoma, nikidhani nitamchekesha. Hakucheka. Alinikumbusha kwamba Wabukusu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Mwaka 1895 walipigana na jeshi la Waingereza katika ngome ya Chetambe, juu ya Webuye, wakashindwa. Na Wanga walikuwa upande wa Waingereza. Mwaka 1909 Nabongo Mumia wa Wanga alifanywa chifu mkuu wa wilaya nzima, na nduguye, Murunga, akawekwa kuwatawala Wabukusu wa kaskazini. "Mwanafunzi wako hakukosea, mjukuu wangu," babu alisema. "Amechora alichosimuliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ile mipaka ya upepo. Nchi isiyo na milima humwalika kila msomaji alete milima yake. Yule kijana hakuwa ameipotosha riwaya. Alikuwa ameipokea jinsi inavyotaka kupokewa, kwa kuwa baraza ambalo mshitaki ndiye mwenye nguvu kuliko wote lilikuwa limeshapita katika masimulizi ya kwao.

Lakini fasiri hii nayo ina hatari yake, na kwetu hatari hiyo haikuwa ya vitabuni tu. Kati ya mwaka 1991 na 1993 watu waliuawa na kuchomewa nyumba katika Trans Nzoia na kandokando ya Elgon kwa sababu ya ardhi na kabila. Baadhi ya wanafunzi wa darasa lile walikuwa wametoroka makwao usiku. Ramani inayoliweka jumba la Majivuno katika mji wa jamii moja yaweza kusomwa kama hati ya mashtaka dhidi ya jamii nzima. Nadhani ndiyo maana Shaaban Robert aliwanyima wakuu wake nasaba. Majivuno anashtakiwa na msomaji kwa kiburi chake, si kwa ukoo wake. Na Karama anayempinga ni mwana wa nchi ile ile.

Swali lililofaa kuulizwa siku ile, basi, lilikuwa hili: katika Mumias ya ramani yako, Karama anakaa wapi? Kijana angeweza kulijibu, na pengine darasa zima lingejifunza kutokana na jibu lake kuliko lilivyojifunza kutokana na mraba wangu. Sikumwuliza. Karama alipewa siku sita za kujitetea mbele ya baraza la Kusadikika. Mimi sikumpa mwanafunzi wangu hata dakika moja.