Tulipoandika Mara Mbili

Katika miaka ya 1980 karatasi zilikuwa adimu Dar es Salaam, sawa na sukari na sabuni. Aliyetaka kuandika hadithi alitafuta kaunta buku, akalijaza kwa kalamu mpaka pambizoni, kisha akatafuta mtu wa kumpigia chapa. Wengi wetu tulikuwa na ndugu au jirani karani. Alibaki ofisini baada ya saa za kazi, akaweka kaboni katikati ya karatasi mbili, akagonga taipureta hadi giza lilipoingia. Tulimlipa kwa ukurasa. Kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa na bei yake, hakuna aliyempelekea karani hadithi ambayo hajaipitia. Tulifuta maelezo ya machweo, tukafuta wahusika waliopita njia tu, tukafuta aya nzima ya kwanza ambayo mara nyingi ilikuwa ni mwandishi akijikohoza. Tulifuta ili kupunguza gharama, na hadithi nayo ikanyooka.

Rasimu ya pili, basi, haikuwa fadhila ya mtu. Ilitokana na uhaba, na uhaba ulipoondoka, rasimu ile nayo ikaondoka. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapowatazama vijana wenye vipaji wakiandika leo.

Kabla ya kwenda kwa karani kulikuwa na baraza. Jioni mmoja wetu alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, na miongoni mwao walikuwamo watu wasiojali fasihi hata kidogo: fundi cherehani, dereva wa lori, mama mwenye nyumba. Hao ndio waliokuwa na faida kubwa zaidi. Hawakukwambia kwamba mhusika wako hana undani, waliuliza tu, “Sasa huyu mume alikuwa wapi muda wote huo?” Swali hilo lilitosha kukurudisha mezani wiki nzima. Na pale waliposhika mazungumzo ya pembeni wakati unasoma, ulijua pamelegea, bila kuambiwa na mtu. Sijaona mpaka leo kipimo cha hadithi kinachoshinda sikio la mtu aliyechoka na kazi za mchana.

Tulisoma pia, kwa zamu, kitabu kimoja kikizunguka mtaa. Tulikuwa na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammad Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, na kwake tulijifunza kwamba fumbo linaweza kufumbuliwa kwa mazungumzo, watu wameketi. Tulikuwa na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya 1974, na kwake tulijifunza mwendo. Lakini kitabu kilichonifunza kazi hasa ni Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Mle, bandari ya Zanzibar haikuwekwa kama pazia nyuma ya wahusika. Mizigo ina uzito, mgongo unauma, msimamizi ana mdomo wake, na mgomo unazaliwa kutokana na kazi yenyewe. Tangu hapo nikawa nakwenda kukaa pale wahusika wangu wanapofanya kazi, kwa wachuuzi wa samaki Feri, kwa mafundi wa magari, nikisikiliza vitu vyao vinaitwaje, wanatukanaje, wanaombana radhi vipi. Mwandishi asiyejua riziki ya mhusika wake inatoka wapi atamfanya apende na achukie hewani.

Leo riwaya zinaishi kwenye simu. “Sehemu ya 32, itaendelea.” Sizibezi. Zinafika kwa msichana wa Kahama na mlinzi wa zamu ya usiku Mombasa, watu ambao duka la vitabu halijawahi kuwafikia, na hadithi za mfululizo tulikuwa nazo hata sisi magazetini. Tofauti ni kwamba kule gazetini kulikuwa na mhariri kati yako na msomaji. Sasa sehemu inaandikwa saa mbili usiku na kutumwa saa tatu, mioyo na vidole gumba vinamiminika, na kesho mwandishi anafuata kilichoshangiliwa. Ndipo unakuta sehemu ya 20 imesahau ahadi ya sehemu ya 5, na wahusika wote, mzee wa Pemba na kijana wa Mwanza, wanazungumza Kiswahili kimoja, cha mwandishi. Vipaji vipo. Kilichokosekana ni ule muda wa hadithi kulala kabla haijatoka nje.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na riwaya yake Kufikirika ikachapishwa 1967. Simwombei mwandishi yeyote subira ya namna hiyo. Namwombea mwezi mmoja tu.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza, nawaambia hivi: iandike hadithi mpaka mwisho kabla hujatuma sehemu ya kwanza. Ukijua mwisho, utarudi mwanzo kupanda unachotaka kuvuna. Ukurasa wa kwanza unakili upya kwa mkono, maana mkono huchoka haraka na hukataa maneno yasiyo na kazi. Na simu hiyohiyo inayowaharakisha ina kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: inarekodi. Isome sura yako kwa sauti, ujirekodi, uisikilize ukiwa ndani ya daladala. Utasikia mwenyewe pale sentensi inapokwama, na pale mama na mwana wanapozungumza kwa sauti moja. Baraza limepungua, lakini sikio bado unalo.

Na mahali pa kupeleka kazi pamepanuka kuliko enzi zetu. Ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na tangu 2023 Tanzania inatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo kama hizo hudai mswada mzima, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nawajua vijana ambao hadithi zao zimetapakaa katika makundi manne ya WhatsApp, na hawana nakala moja iliyokamilika ya kuweka mezani. Wazikusanye, wazipige chapa, waanze kufuta.