Jaketi la Owino

Orodha ya nguo niliyotumiwa kabla ya kupanda Rwenzori ilinikera tangu mstari wa kwanza. Jaketi la manyoya ya bata, suruali isiyopitisha maji, fulana za sufu, glavu za ndani na za nje: kana kwamba sote tumepanga nyumba jirani na duka la vifaa vya milima. Mimi naishi Bukoto, Kampala. Huku blanketi zito linakaa kabatini tu, na sweta ukilivaa asubuhi mvua ikinyesha, saa nne umeshalifunga kiunoni.

Lakini hapahapa Kampala kuna watu wanaovaa kama wako Norway, nao ni waendesha bodaboda. Alfajiri pale steji kila mmoja amejitumbukiza ndani ya jaketi la kizungu la theluji, wengine wamelivaa kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Majaketi hayo ni ya mitumba, na mitumba ni Owino, soko ambalo kwenye makaratasi linaitwa St. Balikuddembe. Nilikwenda huko. Nikapata moja la bluu, zito, na kwenye zipu bado limening'inia kikaratasi cha Kijerumani, tiketi ya mlima wa watu wengine. Muuzaji alianzia shilingi 80,000, tukamalizana kwa 55,000, nikaondoka nikijiona mjanja.

Aliyenirudisha nyumbani na furushi langu ni kijana wa Kasese, mji ulio chini ya Rwenzori, dereva wangu wa siku zote, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko Kiganda chake. Aliposikia ninakokwenda alizima pikipiki.

"Dada, unalipa dola ukanyeshewe?"

Nikamwambia nimejiandaa. Akaomba aone. Basi tukakaa barazani, mimi nikitoa nguo begini, yeye akikunja uso.

"Jinzi acha. Jinzi ikilowa huko, itakauka ukisharudi Bukoto."

Fulana za pamba, acha. Mwavuli hakuugusa, aliutazama tu. Jaketi alilipenda, akalipima uzito kwa mkono, kisha akauliza gambuti ziko wapi. Nikamwambia nitakodi kulekule.

"Nunua zako. Za kukodi zimeshaingia kila mguu." Akasogea karibu. "Sasa sikiliza. Nguo za kulalia zitie kwenye kavera, mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye kavera nyingine. Hizo mchana huvai, hata ukilia."

"Na zilizolowa?"

"Unazivaa tena asubuhi."

"Mbichi?"

"Kwani nani atakukaushia?"

Nilidhani ananitania.

Basi mpaka Kasese, joto la kukata pumzi, mizigo kupimwa Nyakalengija, jasho hadi banda la Nyabitaba, mita 2,651. Hapo sina la kusimulia. Kesho yake mvua ikaanza, mwezi wa Julai, ambao huku wanauita kiangazi, na tulipofika banda la John Matte hakuna uzi mwilini mwangu uliokuwa mkavu. Nilifungua kavera ya kwanza, nikafungua ya pili, nikavaa, nikalala kama mtoto mchanga.

Asubuhi ndiyo ilikuwa kazi. Suruali niliyoitundika usiku kucha ilikuwa nzito kuliko nilipoivua. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, soksi mkononi. Nikiikamua, inatoa maji. Nikiikamua tena, inatoa mengine. Macho yalikuwa kwenye suruali kavu niliyotoka kuivua. Mwongozaji, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, akaniona.

"Mama, hiyo ukienda nayo, leo utalala na nini?"

Sikumjibu. Nikavuta ile mbichi juu ya mapaja yaliyotoka kwenye joto la blanketi, na nikatoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Wazungu wawili wa chumba cha pili wakaacha kuongea. Lakini ndani ya robo saa ya kutembea maji yale yalishapata moto wa mwili, na kufika kinamasi cha Bigo, tope likinifika karibu na magoti, nilikuwa nawaza gambuti zangu tu na kumwombea dua kijana wa Kasese.

Kilichonichachushia safari ni kingine. Mpagazi aliyebeba begi langu, kamba ikimpita kwenye paji la uso, alikuwa na sweta moja na koti la plastiki lililochanika begani. Kampuni inayoweza kumwandikia mgeni kurasa mbili za nguo haikosi karatasi ya kumwandikia mpagazi mstari mmoja.

Siku ya kilele nilivaa kila nilichokuwa nacho. Margherita, mita 5,109, ina jina la malkia wa Italia, alilolipeleka huko Duke wa Abruzzi mwaka 1906. Zama hizo barafu ya Rwenzori ilienea karibu kilomita za mraba 7.5, kufikia 2003 haikufika hata moja. Mwongozaji wetu, Mkonzo wa milima hiyohiyo, alituonyesha mwamba mtupu ambao alipoanza kazi ulikuwa umefunikwa. Wazee wa Wakonzo wanasema mungu wao, Kitasamba, anaishi kwenye theluji hiyo.

"Nyumba inamwishia," akasema, akakaza kamba tukaendelea.

Tuliporudi Nyakalengija, mpagazi aliniuliza kwa adabu kama lile jaketi bado nina kazi nalo. Nikampa pamoja na glavu. Akalivaa palepale juani, akapandisha zipu hadi kidevuni, akakagua mshono wa kwapani.

"Mama, ulilipata kwa ngapi?"

Nikamtajia. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kikonzo, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kasese, akaniambia, siku ya soko, angelipata kwa 25,000.