Khocha, Kocha na Timu za Sukari

Kwetu Malakisi, kaka ya mama anaitwa khocha. Mtu anayefunza watoto mpira ni kocha. Tofauti ni pumzi kidogo tu ya kooni, na mimi nina mjomba mmoja ambaye ni vyote viwili. Watoto wa uwanjani wanamwita Kocha, mimi namwita Khocha. Wageni hudhani sote tunamwita jina moja.

Huyu mjomba nina deni lake, na deni lenyewe linaanza na fahali.

Agosti 2010 ndiyo niliyopashwa tohara. Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na kabla ya siku yenyewe kijana huenda kwa khocha wake na chinyimba mikononi, akitoka jasho, kuchukua luliki. Khocha anachinja, anakuvisha ile nyama shingoni, anakutukana kidogo ili uwe mkali, halafu unarudi kwenu mbio. Kama khocha hana mnyama, aibu ni ya ukoo mzima.

Babu mzaa mama alikuwa ameshatuacha. Wajomba wakubwa walikuwa wametawanyika na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mzigo ukamwangukia kitinda mimba, kijana wa miaka 22, kiungo wa kati katika klabu ya kampuni moja huku Magharibi. Klabu yenyewe sitaitaja. Alikuja na fahali mweusi aliyemnunua kwa mshahara wa mpira. Watu hawakuamini. Nakumbuka mzee mmoja akiuliza, "Yaani wanamlipa kwa kukimbia?"

Ndiyo, walimlipa. Na walilipa kwa tarehe.

Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia ramani ya viwanda vya hapa kwetu. Mumias walikuwa na timu. Webuye kulikuwa na Pan Paper. Eldoret kulikuwa na Rivatex. Bungoma, pale Bukembe, kuna Nzoia Sugar, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975. Ukishuka Nyanza unapata Chemelil, Muhoroni, na SoNy Sugar ya Awendo. Kiwanda kilikuwa kinajenga nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, halafu uwanja. Mchezaji alikuwa anaandikwa kazi, pengine stoo au ofisini, anapiga mazoezi jioni, na mwisho wa mwezi jina lake liko kwenye orodha moja na wapima miwa. Timu haikuhitaji kuuza jezi, wala tiketi haikuwa jambo la maana. Miwa ndiyo ilikuwa tiketi.

Na mfumo huo ulifanya kazi, tusidanganyane. Rivatex walichukua kombe la taifa mwaka 1995. Mumias walilichukua 1996, wakarudia 1999. SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa ligi kuu mwaka 2006, timu ya mji mdogo kuwapita Gor na Ingwe na pesa zote za Nairobi.

Lakini mfumo huo una ugonjwa wake. Timu inayokula meza ya kiwanda hulala njaa siku kiwanda kinapolala njaa. Sukari ya bei rahisi ikiingia kutoka nje, mitambo ikizeeka, madeni yakipanda, mkulima anasubiri pesa ya miwa, mfanyakazi anasubiri mshahara, na nyuma kabisa ya foleni kuna mvulana ameshika viatu vya mpira. Nani atamtetea? Hana chama chenye nguvu, hana shamba la kutishia kung'oa. Pan Paper ilifungwa 2009. Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu 2019. Timu zao zilikuwa zimeshapotea masikioni kabla ya hapo.

Nakumbuka Khocha alivyonipeleka Sudi Stadium, pale Bungoma mjini, mwaka 2017. Nzoia walikuwa wamepanda ligi kuu, na mji ulikuwa na joto. Tulitoka Malakisi na matatu ya asubuhi, tukala chapati na madondo karibu na stendi, tukaingia. Yeye hakuwa mchezaji wa Nzoia, na mwili wake ulikuwa umeanza kuchoka, lakini alikuwa anaangalia mechi kama fundi anayeangalia nyumba iliyojengwa na fundi mwingine. "Angalia huyo namba sita," aliniambia. "Hakimbii sana. Anafika tu." Mimi nilikuwa nimevaa jezi ya Arsenal. Kwa hiyo timu ya kwetu nilikuwa nimeilipia kiingilio cha siku moja, na hata hicho alilipa Khocha.

Mwaka 2019 nilikuwa chuo Kitale, na ndipo nilipokutana na Bury. Bury ni klabu ya mji mdogo karibu na Manchester, imeanzishwa 1885. Walichukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, na ile ya pili waliichapa Derby 6-0 kwenye fainali. Baadaye walizama madaraja ya chini, wakaanza kukopa, na Desemba 2018 klabu ikauzwa kwa pauni 1. Moja, bana. Mnunuzi mpya hakuonyesha pesa za kutosha, na Agosti 2019 ligi ikawafukuza. Siku za mwisho, mkurugenzi mmoja wa zamani alijifunga pingu kwenye bomba la uwanja wao, Gigg Lane. Mashabiki walikuja na ndoo na mifagio kusafisha viti, wakiamini kuna mechi wikendi. Hakukuwa na mechi.

Niliisoma hadithi hiyo usiku mzima kwa bando la bei rahisi. Nilihuzunika kweli. Niliandika posti ndefu kuhusu roho ya mpira, nikapata likes.

Msimu huo huo, huku kwetu, SoNy Sugar walikosa pesa za kusafirisha wachezaji, wakakosa mechi tatu, wakatolewa ligi kuu. Mabingwa wa 2006. Nilisoma kichwa cha habari, nikapita. Sikuandika chochote. Sikufikiria hata kwamba hao wachezaji wana wapwa.

Miaka hiyo pesa zilikuwa zinatoka kwenye mpira wa Kenya kila upande. SuperSport walikuwa wameondoka 2017. SportPesa waliondoka 2019. BetKing walikuja 2020 na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, na 2021 ukawa umevunjika. Ukiwa unasoma hayo kwenye simu, ni habari za makampuni. Ukiwa na miaka 33 na goti bovu katika klabu ambayo tayari ilikuwa imechelewesha mishahara miezi minne, ni habari za unga.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwaka 2021 nilikuwa Nairobi, kazi yangu ya kwanza, chumba kimoja Kawangware. Jioni moja Khocha akaniandikia: "Mpwa mulembe. Nisaidie na 4,000 ya nyumba. Klabu imesema wiki ijayo wanalipa. Nitarudisha."

Nilikuwa nazo. Hilo nataka liandikwe wazi. Nilikuwa nazo. Lakini nilikuwa nimeshasikia "wiki ijayo" mara nyingi, na nilijiambia kwamba mtu mzima anayecheza mpira bila kulipwa amejitakia. Kwa nini asitafute kazi? Nilikaa na ule ujumbe siku mbili. Halafu nikamtumia 500 na maneno mengi kuhusu jinsi Nairobi ni ngumu. Akajibu, "Asante sana mpwa. Mungu akuzidishie."

Jumamosi hiyo hiyo nilinunua jezi mpya ya Arsenal, 3,500. Msimu ambao tulikuwa tumetoka kumaliza nambari nane.

Klabu haikulipa wiki iliyofuata. Ile miezi minne hajalipwa mpaka leo. Mwenye nyumba alifunga mlango kwa kufuli lake, na Khocha akarudi Malakisi na begi moja na viatu. Akashika bodaboda ya mtu, ya kupeleka hesabu kila jioni, kati ya sokoni na Lwakhakha mpakani. Mama ndiye aliyeniambia, kwa sauti ile ya kutaja tu, "Khocha yako amerudi nyumbani."

Mwaka 2024 Nzoia waliteremka kutoka ligi kuu. Si muda mrefu nyuma walikuwa wanawasumbua wakubwa. Mwaka 2025 serikali ikakodisha viwanda vyake vya sukari kwa watu binafsi kwa miaka 30, na Nzoia ikaenda kwa West Kenya. Nilisoma kuhusu miwa, mashamba, madeni, wafanyakazi. Niliposoma, nilijikuta natafuta neno timu.

Desemba nilienda nyumbani. Khocha alikuwa uwanjani na watoto kama thelathini, wengine pekupeku, mpira mmoja mzuri na mingine miwili ya kulazimisha. Bodaboda ilikuwa imeegemezwa chini ya mti. Alikuwa amewakalisha, anawapa hadithi kabla ya mazoezi.

"Mnajua Elijah Masinde?"

"Wa Dini ya Msambwa!" wakapiga kelele. Malakisi hakuna mtoto asiyelijua jina hilo. Februari 1948 polisi wa mkoloni waliwapiga risasi wafuasi wake hapa hapa, watu 11 wakafa.

"Kabla ya hayo yote, alikuwa mchezaji," Khocha akasema. "Kapteni, kijana wa Kimilili. Mwaka 1930 alichezea Kenya dhidi ya Uganda, Kombe la Gossage. Nani alimdhamini?"

Kimya.

"Hakuna. Haya, simameni. Mbio raundi nne."

Mazoezi yalipoisha, tulikaa kwenye nyasi. Alinionyesha daftari. Kila mzazi analeta shilingi 20 kwa wiki, anayeweza. Majina yako kushoto, alama kulia. Zikifika za kutosha wananunua mpira, au nauli ya kwenda kucheza Sirisia au Chwele. Kila mwezi anasoma hesabu mbele ya wazazi. "Nilikaa klabu miaka kumi na kitu," alisema, "sijawahi kuona hesabu hata siku moja. Tulikuwa tunaambiwa tu pesa ipo au pesa hakuna."

Nikamwambia kuhusu Bury. Kwamba mashabiki hawakuondoka. Wengine walianzisha timu mpya, wengine wakapigania kuununua uwanja wa zamani, wakagombana wao kwa wao kama kawaida ya watu, mwisho wakaungana, na mwaka 2023 Bury ikacheza tena Gigg Lane. Wakati huo daraja la tisa, lakini iko. Alisikiliza sana. Akauliza swali moja tu: "Na wale wachezaji ambao hawakuwa wamelipwa?"

Sikuwa na jibu. Katika yote niliyosoma usiku ule Kitale, hilo sikulitafuta.

Hapo ndipo nilipoona lazima niseme. "Khocha, ile 2021. Ile 4,000."

"Ee."

"Nilikuwa nazo. Nilinunua jezi."

Akacheka, si kwa ubaya. Akang'oa nyasi moja akaitafuna.

"Najua, mpwa. Uliiweka status."

Miaka yote hiyo. Alikuwa ameona picha yangu mbele ya kioo, ngumi kifuani, juu ya nembo. Aliona, akakaa kimya, na kila Krismasi alinipokea kwa kuku. Nilitafuta la kusema, sikupata. Akanisaidia. "Ilikuwa nzuri, hata. Ilikutosha vizuri."

Ningependa kuwaambia kwamba nililipa deni. Nilimpa ile 4,000 siku hiyo, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu cha kawaida, halafu akaiandika kwenye daftari, upande wa mapato ya timu. Nikamwambia hapana, hiyo ni yako ya nyumba. Akasema nyumba hiyo alishatoka.

Niliahidi 500 kila mwezi kwa timu. Hadi sasa nimeruka miezi miwili. Anapokea M-Pesa, ananitumia picha ya ukurasa, jina langu likiwa katikati ya mama muuza omena na fundi wa baiskeli, ambao hawajaruka hata wiki. Kwenye ile miezi miwili ameacha nafasi wazi, bila alama ya kosa, bila kitu.

Arsenal bado naishabikia, siwezi kudanganya. Lakini kiwanda kilichokuwa kinalipa kwa niaba yetu hakirudi, na kwa muda mrefu sana sisi tuliokuwa tunapiga makofi tulidhani makofi ni mchango. Juzi Khocha ameniandikia tena. Moyo ulidunda kabla sijafungua. Ilikuwa picha ya mpira mpya, bado una plastiki, watoto wote wameushika kwa kidole kimoja kimoja.

Chini ameandika: "Umefika. Hesabu ni Jumapili."