BIBI ALIYELIGOMEA ZIWA

Jamani, kuna watu wanaogopa mbwa, wengine sindano. Bibi yangu mzaa mama, wa kule Sengerema, yeye alikuwa anaogopa kivuko. Na wala simcheki.

Mei 21, 1996 mdogo wake wa kiume alikuwa ndani ya MV Bukoba, akija Mwanza na ndizi zake. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini stori hiyo nimekua nayo. Asubuhi, Mwanza ikiwa pua na mdomo, meli ikapinduka, tumbo juu. Waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati. Likatobolewa tundu ili watolewe, kumbe hewa ndiyo iliyokuwa inaishikilia. Hewa ikatoka, meli ikazama jumla na mamia ya watu. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Mdogo wake bibi hakuonekana. Bibi akaapa kwamba mguu wake haukanyagi tena chombo cha majini.

Sasa hebu piga picha, mpenzi msomaji. Sengerema na Mwanza ni majirani, kinachotenganisha ni maji ya kati ya Busisi na Kigongo, kama kilomita 3 hivi. Usipotaka kivuko, zunguka Geita, Kahama, Shinyanga, ndipo uibukie Mwanza umevimba miguu. Na hata sisi tusioogopa tulikuwa tunakoma. Foleni ndefu, na ukikuta kivuko kimeshaondoka unatafuna mahindi ya kuchoma ukikikodolea macho hadi kirudi.

Mwaka 2019 mama akafariki, hapa hapa Mwanza. Tukampelekea bibi taarifa, maziko kesho yake. Akafunga furushi, akafika mpaka Busisi. Kivuko kikaja, kikapakia, kikaondoka, yeye kasimama tu. Kikaja kingine, vilevile. Akarudi nyumbani. Tukamzika mama bila mama yake. Kuzunguka baadaye? Magoti na nauli vyote vilikataa.

Ukweli nilimchukia. Miezi mingi sikwenda kumsalimia.

Basi bwana, Juni 19, 2025 Rais Samia akafungua Daraja la John Pombe Magufuli, lile lililowekewa jiwe la msingi Desemba 2019. Wiki iliyofuata nikamfuata bibi.

"Mume wangu, halitikisiki?" (Ndivyo anavyoniita, msishangae.)

"Halitikisiki, bibi. Malori yanapita."

"Na meli ilikuwa inabeba malori?"

Nikakosa jibu. Tukapanda Hiace. Tulipokaribia Busisi akajifunika khanga kichwa kizima, mkono wangu kaukamata kama mwizi. Abiria kimya. Hata konda, na kelele zake zote, akanyamaza. Baada ya dakika chache sauti ikatoka ndani ya khanga:

"Tumefika kivukoni?"

"Bibi, hii ni Kigongo," konda akajibu.

Akafunua khanga, akageuka nyuma, akatazama maji. Akanipiga kofi la bega. "Mbona hamkuniambia!"

Nyie, gari zima lilicheka. Yeye akaanza kulia.

Kaburi la mama liko upande wa Igoma, na Igoma hiyo hiyo ndiko walikozikwa wengi wa MV Bukoba. Bibi alikaa kwa mwanawe mpaka jua likakaa utosini, anapalilia nyasi kwa vidole na kuongea Kisukuma. Kisha akaomba nimpeleke kwenye mnara wa wale wa 1996. Hapo hakusema kitu. Alizunguka tu, taratibu.

Si kwamba daraja limefurahisha kila mtu. Mama mmoja aliyekuwa akiniuzia sato wa kukaanga pale Busisi aliniambia wateja sasa wanampita kwa mwendo kasi, na sikuwa na la kumfariji. Halafu wenzetu wa visiwani bado wanategemea vyombo vya majini. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika gati la Ukara, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Ilikuwa imezidisha abiria. Miaka 22 baada ya MV Bukoba!

Siku ya kumrudisha, bibi ndiye aliyegombania siti ya dirishani. Katikati ya daraja nikamtania, "Bibi, mwakani nikupeleke Ukerewe kutembea?"

"Huko jengeni daraja kwanza," akasema, macho yako kwenye maji.