Witiri na Shufwa za Kahama

Mwaka 2004 Kahama ilikuwa mji wa vumbi na haraka. Malori ya makontena yalitoka bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi. Magari mengine yaliingia njia ya Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, au yakaendelea hadi Geita, ambako shimo kubwa la wazi lilikuwa likitoa dhahabu tangu 2000. Chochote chenye waya kikiharibika, kiliishia kwenye karakana kama ile niliyokuwa nikijifunzia: redio, simu, chaja, hata mashine za kuchomelea.

Ndipo dalali mmoja akaleta bodi ya kompyuta ya kiwandani. Prosesa yake ilikuwa PowerPC 603e ya Motorola. Bodi hiyo ilikuwa ikiganda mchana, jua likipanda juu ya bati. Alishaambiwa na fundi mwingine dawa yake: kwenye mipangilio ya kuwashia kuna ukaguzi wa pariti, uzimwe, bodi itanyamaza.

"Itanyamaza kweli," Mzee, fundi aliyekuwa akinifundisha, akamjibu, "lakini haitapona." Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo, lete kile kitabu cha prosesa."

Nikajifunza siku ile kwamba data ya prosesa hiyo hupita kwenye nyaya 64, yaani baiti nane kwa mpigo, na kila baiti ina mlinzi wake: biti moja ya pariti. Biti zenye thamani ya moja zikihesabiwa, pamoja na ya mlinzi, lazima jumla iwe witiri. Ikitokea shufwa, kuna biti iliyogeuka njiani. Mlinzi hajui ni ipi, na zikigeuka mbili kwa pamoja katika baiti hiyo hiyo hesabu inarudi witiri, naye hashtuki.

Sehemu iliyonikaa zaidi ilikuwa ile ya kumaliza uhamisho. Prosesa ikishaomba data, haijiamulii kwamba imefika. Husubiri ishara ya uthibitisho, TA, kama karani wa pamba asiyeandika kilo mpaka mshale wa mizani utulie. Ikivuta baiti 32 za kujaza mstari mmoja wa kashe, huhitaji TA nne, moja kwa kila mpigo. Ishara nyingine, DRTRY, huiambia kwamba data ya mpigo uliotangulia isitumike, isubiriwe nyingine. TEA huja na habari mbaya: uhamisho umeshindikana, kata hapa. Na kama hakuna anayejibu kabisa, prosesa ingesubiri milele. Ndiyo maana watengenezaji wa bodi huweka kipima muda, kikichoka kinatoa TEA chenyewe.

"Jibu baya lina kazi," Mzee alisema. "Ukimya ndio unaoua mashine."

Tukachomoa kadi za kumbukumbu. Miguu yake ilikuwa imefifia kwa kutu na vumbi jekundu, na joto la mchana lilizidi kulegeza mguso. Tukasafisha kwa spiriti, tukarudisha, tukaiacha bodi juani huku ukaguzi ukiwa umewashwa. Haikuganda.

Dalali aliona tumemchelewesha kwa jambo la kubonyeza tu. Mzee akamuuliza kama angenunua dhahabu kwenye mizani ambayo fundi ameitoa kengele kwa sababu inapiga kelele. Dalali akalipa.